Dirisha la Swali Moja

Asubuhi hiyo ilikuwa imekaa kitako kama mgeni asiyetaka kuaga. Jua lilipanda mpaka kwenye paa la Ghala, likashika ukingo wa bati, likabaki hapo hapo. Kina mama waliokuja na watoto mgongoni walikuja kuondoka na watoto hao wamewashika mikono, na bado ilikuwa asubuhi ileile, na uji wa asubuhi ileile haujapoa kwenye kibuyu. Katika mji wetu wakati hutembea ukiwa mzima. Ukiugua, wakati hukaa nawe kwenye benchi.

Benchi lenyewe ni moja tu. Limezunguka ukuta wa Ghala kama mkanda uliozunguka tumbo la mtu mnene, na linaishia kwenye dirisha. Hakuna anayesimama. Wa mbele akiitwa, wote tunasogea kwa makalio, na mbao zimeng'aa kwa kusuguliwa na watu ambao sasa hawapo. Wakati mwingine unahisi joto mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amekaa. Husemi kitu. Unasogea.

Nilikuwa nimekaa na shangazi yangu, Bi Mwanamkuu, aliyenilea tangu sijajua kufunga kanga. Alikuwa na jiwe kwenye titi la kushoto. Madaktari wana jina lake, saratani, lakini kwenye benchi hatulitaji jina hilo, kama vile mtu asivyomtaja nyoka usiku. Tunasema jiwe. Fulani ana jiwe la koo, fulani la tumbo, fulani la damu, ingawa sijui jiwe linakaaje ndani ya damu. Jiwe la shangazi lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mkono. Mkono ulivimba ukawa mkubwa kuliko mwenzake, akaufunga kwa kanga kuukuu na kuubeba mbele yake kama mtoto wa mtu mwingine.

Dawa ya jiwe ipo. Hilo ndilo linalofanya benchi kuwa gumu. Kama isingekuwepo tungekaa nyumbani tukaombewa. Dawa iko ndani ya Ghala, nyuma ya dirisha, kwenye rafu, na tumeilipia sisi.

Niseme namna tulivyoilipia. Kila jiko la mji huu, kabla ya kutia chumvi chunguni, hutenga kwanza chumvi ya ncha za vidole na kuipeleka mlangoni kwa Ghala. Wamefanya hivyo mama zetu na mama zao. Ndiyo maana mboga zetu ni chapwa. Mgeni akila kwetu hudhani hatujui kupika. Tunajua kupika, ladha yetu iko Ghalani. Wakuu wa Ghala huichukua chumvi hiyo na kuibadilisha kwa dawa kutoka ng'ambo, kwa watu wanaojua kuitengeneza na wanaojua pia kuipandisha bei. Chupa moja, ndogo kama kidole gumba, humeza chumvi ya mtaa mzima.

Kwa hiyo dawa ni ya wote, lakini haiwatoshi wote. Hapo ndipo lilipozaliwa dirisha.

Wakuu hukaa ghorofani. Hatujawahi kuwaona, tunasikia nyayo zao juu ya mbao. Husemwa kwamba zamani walikaa wakatafuta njia ya kuchagua isiyo na upendeleo, isiyojali nani mtoto wa nani. Wakasema, mtu mwenyewe ndiye anayeijua hali yake kuliko yeyote. Basi aulizwe yeye. Aulizwe swali moja, mara moja, maana akiulizwa mara mbili ataanza kutunga. Jibu lake ndilo hukumu yake. Mlinzi wa dirisha akilisikia jibu agonge kengele, na sisi tuliopo juu tutaiachia kamba, na ubao wa dirisha utashuka.

Na swali ni hili: Hujambo?

Sasa niambie wewe uliyelelewa kama nilivyolelewa. Ungejibuje?

Mimi nilifunzwa kusema sijambo kabla sijafunzwa kusema naumwa. Kwetu mtoto mwenye homa akiulizwa na mgeni husema sijambo, kisha hutapika. Salamu kwetu ni kizingiti. Mtu haanzi kutoa vya ndani akiwa bado yuko kizingitini. Kwanza uzima, halafu habari za nyumbani, halafu watoto, halafu kimya kidogo, watu wakitazama chini, halafu ndiyo inakuja "ila". Sijambo, ila. Namshukuru Mungu, ila. Maradhi yetu yote, misiba yetu yote, njaa zetu zote zinakaa nyuma ya hiyo ila. Na ubao wa dirisha hushuka kabla ya ila.

Nimefikiri sana kwenye benchi lile, maana hakukuwa na kazi nyingine. Nimefikiri: kuna uongo ambao hausemwi na mtu, unasemwa na adabu yake. Nimefikiri: anayeuliza swali moja hataki kujua, anataka kumaliza. Nimefikiri pia kwamba huenda wakuu waliotunga sheria hii ni watu wa kwetu, waliofunzwa na mama kama zetu. Kama ni hivyo, walijua tangu mwanzo tutajibu nini. Wazo hilo liliponijia nililisukuma mbali, kwa sababu mtu hawezi kukaa kwenye benchi na wazo kama hilo. Likarudi. Likakaa katikati yangu na shangazi.

"Shangazi, tujaribu tena," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye dirisha. Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Sijui wewe."

"Shangazi."

"Umeniuliza kwa adabu. Nikujibu kwa ufidhuli?"

"Sema, mimi ni mgonjwa."

"Kwa mtu nisiyemjua hata jina? Si bora nimvulie na blauzi kabisa."

Nyuma yetu akacheka Bi Hidaya, mwanamke mwembamba mwenye jiwe la tumbo, aliyekuwa akifahamu habari za benchi zima. "Mwache, binti," akasema. "Huyu hata akizikwa, malaika wakija kumuuliza maswali atawaambia sijambo, za huku kwenu?"

"Na nitakuwa nimekosa nini?" akasema shangazi. "Wametoka mbali."

"Watakuuliza matendo yako, utawauliza kama wamekunywa chai."

"Wewe Hidaya una mdomo mpana kuliko dirisha lenyewe. Twende tukuone ukifika."

Bi Hidaya alipojibu, sauti yake haikuwa tena na kicheko. "Kaka yangu alifika," akasema. "Yeye aliapa hatasema sijambo. Alipoulizwa akasema, nakufa. Unajua alijibiwa nini? Pole sana. Dawa hapewi anayeondoka, ni ya wanaobaki. Wakashusha ubao polepole, kwa heshima."

"Kwa hiyo mtu asemeje?" nikamuuliza.

"Aseme ya katikati. Asiwe mzima, asiwe maiti."

"Katikati ni wapi?"

"Ningepajua, ningekuwa hapa nyuma yako?"

Tukasogea.

Sijui ilikuwa lini baada ya hapo. Jua lilikuwa kwenye bati. Nilitazama mikono yangu mapajani, nikaona mshipa uliovimba kwenye kiganja cha kushoto, mshipa wa shangazi. Nikatazama pembeni, nikaona msichana amelala begani kwangu, amechoka, mdomo wazi kidogo, na huyo alikuwa mimi. Nikampapasa kichwa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ni mwoga wa watu, nikiondoka nani atamsemea? Kisha nikaamka, nikawa tena begani kwa shangazi, na mkono wake ulikuwa kichwani kwangu.

Nani anaugua, mimi au yeye?

Jiwe likiwa kwake, nalibeba wapi mimi, mbona nimelemewa?

Akiondoka, nani atajua kwamba nilikuwa mtoto?

Niliingiza vidole ndani ya kanga yangu, nikajipapasa upande wa kushoto, taratibu, watu wasione. Sikukuta kitu. Lakini vidole viliendelea kutafuta, kama vile vilikuwa vimetumwa na mtu mwingine.

Mbele yetu sasa alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Mzee Chambuso, fundi cherehani, mwenye jiwe la koo. Alivaa subana yake ya kushonea kidoleni mpaka pale kwenye benchi, kana kwamba wakati wowote angeletewa suruali ya kupunguza. Tangu nilipokaa nyuma yake alikuwa akinong'ona kitu kimoja: "Si mzima. Si mzima. Si mzima." Alikuwa akikifunga kwa mshono wa kurudia, kisifumuke. Nilianza kumtegemea bila yeye kujua. Nilijiambia, akiweza mzee huyu kulisema, shangazi ataliona linasemeka.

Ubao ukapanda. Mzee Chambuso akasimama, akavua kofia, akaikunja kwapani.

"Hujambo?" ikauliza sauti ya ndani. Ilikuwa sauti ya kijana, nzuri, isiyo na ukali wowote.

Niliuona mgongo wa mzee ukinyooka. Niliuona uso wake kwa ubavu ukitengenezeka, ukajaa hisani, uso wa mtu anayemfungulia mteja mlango. "Sijambo, bwana," akasema, "namshukuru Mungu, ila..."

Kengele. Ubao ukashuka juu ya ila yake kama kisu juu ya shingo ya kuku.

Hakupiga kelele. Hakuondoka zake kama sheria inavyotaka. Aliitazama kofia yake, akashuka taratibu akakaa chini, palepale chini ya dirisha, mgongo ukutani, akaanza kuizungusha subana kidoleni. Bi Hidaya akasema, "Ee Mola."

Sasa ilikuwa zamu yetu.

Shangazi aliniomba nimfunge vizuri kanga ya mkono. Nikaifunga. "Usiniume sikio tena," akaniambia. "Nimesikia yote uliyonifundisha."

"Utasema?"

"Nitaona."

"Shangazi, ni mara moja tu."

"Kuzaliwa pia ni mara moja, na hakuna aliyenifundisha."

Ubao ukapanda. Kwa mara ya kwanza nikaona ndani. Niliona chumvi. Ilikuwa imerundikwa mpaka darini, nyeupe, kimya, na nikajua kwamba ndani yake mna ncha za vidole vya shangazi, na vya mama yake, na vyangu. Kando yake niliona rafu yenye chupa. Nikageuka nikatazama benchi lilivyopinda likapotea nyuma ya ukuta. Sikuhesabu. Sikuhitaji kuhesabu.

Nyuma ya dirisha alikaa kijana aliyevaa shati jeupe, mkono mmoja juu ya kengele. Hakututazama. Alitazama mahali ambapo jibu lingepita.

"Hujambo?" akauliza.

Shangazi akanyamaza.

Nyayo za ghorofani zikasimama. Nikaisikia kamba ikilia kwenye gurudumu lake, imevutwa, inangoja. Jibu lilinijia mimi, likanifika kwenye meno: ni mgonjwa, mwoneni, mkono haunyanyuki, usiku hageuki bila kuuma mto. Lakini jibu la mtu mwingine halipokelewi, na hata kama lingepokelewa, ulimi wangu ulikuwa umenata. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Mbele ya watu maneno yangu huingia ndani kama kobe.

Kijana akainua macho. Huenda hakuwahi kunyamaziwa.

"Mwanangu," akasema shangazi, "mimi si rika lako. Wewe unaanza na hujambo?"

Kijana akababaika. Kitu kilipita usoni mwake, cha zamani kuliko sheria ya Ghala. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Unaitwa nani?"

"Mbaruku."

"Mbaruku, umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Juu, fimbo ikagonga sakafu. Sauti nzito ikapenya katikati ya mbao: "Jibu?"

Mbaruku akatazama darini. "Bado ananisalimu," akasema.

Hakuna sheria ya kushusha ubao katikati ya salamu. Hawakuiandika, kwa sababu hawakuwahi kufikiri kwamba mtu anayeomba anaweza kumsalimu anayetoa. Nilihisi pumzi ya benchi zima shingoni kwangu.

"Na mama yako, Mbaruku?" shangazi akauliza. "Hajambo?"

Kijana akaitazama kengele yake.

"Hajambo," akasema.

Lilikuwa neno lilelile. Lakini mtu aliyelisema neno hilo maisha yake yote hulitambua likiwa limebeba maiti. Shangazi akasogeza uso mpaka karibu na dirisha, akapunguza sauti, akamuuliza kama anavyoulizwa mtu mmoja peke yake:

"Tangu lini?"

Vidole vya Mbaruku vililala juu ya kengele bila uzito. "Tangu masika," akasema.

"Alikuwa na jiwe?"

"La titi."

"Alikuja hapa?"

"Alikaa kwenye benchi hilo. Alipofika nilimuuliza kama ninavyowauliza wote."

"Akajibuje?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha kujibu," akasema Mbaruku. "Akajibu alivyonifundisha."

Shangazi hakusema pole. Alikaa kimya, kile kimya ambacho kwetu huja baada ya habari za nyumbani, watu wakitazama chini. Nikakitambua. Nikaelewa tulipokuwa tumefika. Tulikuwa tumevuka kizingiti, tumeingia ndani, na ile ila ilikuwa imekaa mkekani inangoja kuitwa. Na aliyetakiwa kuiita hakuwa sisi.

Fimbo ikagonga tena. "Jibu?"

Mbaruku akatutazama. Safari hii alitazama kanga, na kilichokuwa ndani ya kanga.

"Na wewe, mama," akauliza. "Tangu lini?"

Hakuna aliyewahi kusikia swali la pili likitoka kwenye dirisha lile. Nyuma yangu benchi lililia, watu wamejongea wote kwa pamoja.

Shangazi akajibu kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa tu. "Nilikuwa nasuka mkeka wa harusi ya huyu," akasema, akanielekezea kidevu. "Hajaposwa bado, lakini mkeka haungoji. Nilipofika ukanda wa katikati mkono ukakataa kupanda. Nikadhani nimelalia vibaya. Nikakaa nao. Mkeka uko nyumbani umeviringishwa, na ukili niliousuka umekauka unakatika. Nataka kuumaliza. Sijambo, Mbaruku, ila nataka kuumaliza."

Hiyo ndiyo ilikuwa katikati. Haikuwa mbali. Ilihitaji tu mtu wa kuuliza njia.

Mbaruku akanyanyuka, akaenda kwenye rafu, akarudi. Akaiweka chupa kwenye kiganja cha shangazi cha mkono mzima, akamkunja vidole juu yake. "Sasa lazima nigonge," akasema. "Wanasikia."

"Gonga, mwanangu. Kazi yako."

Mimi nilikuwa nimeshamshika shangazi kiuno. Nilitaka tuondoke kabla ya kengele, kabla ya fimbo, kabla ya macho ya Bi Hidaya. Nilitaka jua litoke kwenye bati, tufike nyumbani iwe mchana, tuumalize mkeka. "Tumepata, shangazi," nikamwambia. "Twende."

Kengele ikalia. Kamba ikaachiwa. Ubao ukashuka, na shangazi akaunyanyua ule mkono mkubwa, mkono ambao alikuwa hawezi kuunyanyua hata kuosha uso, akaulaza dirishani.

Ubao ukatua juu yake, ukakwama hapo.

Nilisikia meno yake. Uso ukabadilika rangi, jasho likatoka juu ya mdomo. Lakini alipogeuka kumtazama Mzee Chambuso pale chini ukutani, uso ule ulikuwa umeshatengenezwa upya, ukawa wa mwanamke anayepita mbele ya nyumba ya jirani asubuhi.

"Ndugu yangu," akasema, "hujambo?"

Mzee akainua macho. Akaitazama chupa. Akautazama mkono, na upenyo uliobaki chini ya ubao, na jicho la Mbaruku ndani ya upenyo.

"Sijambo," akasema mzee.

"Tangu lini?"

Juu mtu alikanyaga ncha ya ubao iliyotokeza ghorofani, nao ukaongeza uzito. Shangazi akafumba macho. Ndipo nilipofanya kitu ambacho ulimi wangu usingekiweza: niliingiza mkono wangu chini ya ubao, kando ya wake, nikabeba. Maumivu yakaja, yakagawanyika. Nilitazama ile mikono miwili iliyobanwa pamoja na kwa muda sikujua upi ni wangu, na sikutaka kujua.

Mzee Chambuso akavua subana, akaitia mfukoni. Akasimama kwa kushika ukuta, akainama mpaka mdomo wake ukafika kwenye upenyo, karibu kabisa na vidole vyetu.

"Tangu kipupwe," akasema. "Nilikuwa nashona sare za shule."

"Endelea, baba," ikajibu sauti ya ndani. "Nasikia."